Nukta Nne Nyeupe

Kwetu, mtu aliyeshika spana hasemeshwi. Baba aliiandika sheria hiyo kwa mkono wake kwenye kipande cha ubao, akakipigilia ukutani juu ya meza ya kazi, na tangu hapo wateja wetu wa baiskeli wakaanza kuingia wakikohoa. Mtu anasimama mlangoni, anakohoa, anasubiri fundi aweke chuma chini, ndipo anauliza hali. Wengine walisema tuna maringo. Wengine walisema Baba amechanganyikiwa tangu afiwe. Mimi nilikuwa nimezoea. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mikono inayonuka grisi hata nikioga mara mbili, na siri moja ambayo Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, iliingia karakanani ikisukuma baiskeli.

Watu walimwita Mluzi. Siku za kazi alipima viwanja na mashamba. Jumamosi alikuwa mtu wa milima. Hifadhi ilianzia pale mtaa wetu unapokwisha, vilima juu ya vilima, na ndani yake njia za changarawe ambazo gari halikanyagi, wala pikipiki. Yeye alizijua kona kwa kona. Kabla ya kila kona alipiga mluzi mmoja mrefu ili anayekuja kwa miguu upande wa pili ajihadhari, na jina likamganda.

Alikuja saa mbili kwa sababu saa mbili Baba huingia ndani kunywa chai na Mama. Nyumba yetu iko nyuma ya karakana, mlango mmoja tu kati. Dakika ishirini. Kwa miezi minane penzi letu liliishi ndani ya hizo dakika ishirini, na niamini nikikwambia, ukipewa dakika ishirini kwa wiki unajifunza kumtazama mtu. Nililijua kovu lake la kidevuni. Nilijua anavyouma mdomo wa chini akiwa na neno lisilotaka kutoka. Asubuhi ile alikuwa ameuma mdomo tangu mlangoni.

"Umekonda," nikamwambia.

"Nakesha nikikuwaza, halafu unanilaumu?"

"Lete baiskeli, acha maneno ya kanga."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Alikuwa na usukani mpya, ule uliopinda chini pande zote mbili, mpana kuliko wa zamani. Aliutaka ufungwe siku hiyo hiyo. Nikaibana baiskeli kwenye stendi, nikachukua spana ndogo, na yeye akanyamaza kama ubao ulivyoagiza, akaegemea ukuta, akanitazama.

Usukani wa namna ile hushikwa na bolti nne ndogo. Unazifunga kwanza kwa mkono mpaka zishike. Kisha unachukua spana ya kipimo, unaipanga kwenye tano, unakaza moja moja kwa mkingamo, ya juu kulia kisha ya chini kushoto, mpaka ilie tak. Ikishalia, si kabla, unachukua kalamu ya rangi nyeupe na kuweka nukta juu ya bolti. Nukta maana yake kazi imekwisha, mtu asiiguse tena. Baba alinifundisha hivyo kabla sijajua kuandika jina langu.

Nilikuwa nimezifunga zote nne kwa mkono. Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua spana ya kipimo.

"Leo nashuka Ngazi," Mluzi akasema.

Nikageuka. Sikumbuki kuweka kitu chini wala kuchukua kitu.

"Hujasoma ubao?"

"Nimeusoma miezi minane. Leo nimechoka kunyamaza."

Ngazi ni mteremko ulio ng'ambo ya kilele, mahali ambapo maji ya mvua yamekata njia vipande vipande mpaka ikawa kama ngazi za nyumba isiyo na ukuta. Kulia ni mlima, kushoto hakuna kitu. Kaka yangu alifia pale miaka minne iliyopita. Alikuwa na Mluzi, walikuwa chanda na pete hao wawili, na siku ya mazishi Baba alimnyooshea kidole Mluzi mbele ya waombolezaji wote akasema, "Wewe ndiye uliyemshindanisha mwanangu." Mluzi aliinamisha kichwa akaondoka peke yake, na watu wakampisha kana kwamba ana ugonjwa. Tangu siku hiyo alipanda mpaka kileleni kila Jumamosi na kila Jumamosi akageuza. Hakuwahi kushuka.

"Kwa nini leo?" nikauliza.

"Kwa sababu siwezi kuja kwa baba yako nikiwa mtu anayekimbia mteremko. Nitashuka, nitazunguka bonde, saa kumi nitakuwa hapa. Sitapita mlango huu wa wezi. Nitapita mlango wa mbele, nibishe hodi, nimwambie nataka kukuoa."

"Atakufukuza."

"Na anifukuze. Nimefukuzwa na watu wabaya zaidi." Akajaribu kutabasamu. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Akinifukuza, wewe utakuwa umesimama wapi?"

Sikuweza kumtazama, maana nilijua nikimtazama nitalia, na Mama ana masikio ya popo. Nikainamia baiskeli. Mikono yangu ikafanya kazi inayofanya kila siku ya Mungu bila kuniuliza: ikashika kalamu nyeupe, ikaweka nukta, na nyingine, na nyingine, na nyingine.

"Nitakuwa nimesimama upande wako," nikamwambia.

Akanikaribia. Kwa kidole kimoja aliniondoa tone la grisi shavuni, taratibu, akaliacha limchafue yeye. Akaitoa baiskeli kwenye stendi, akaziona nukta nne zinang'aa, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mteja yeyote. Nikamsikia akipiga mluzi kwenye kona ya mtaa.

Mlango wa nyumbani ukafunguka.

"Nani alikuwa hapa?" Baba akauliza. Alikuwa na kikombe mkononi, na goti lake bovu likamfanya ashike fremu ya mlango.

"Mteja."

"Mteja gani anaondoka akipiga mluzi?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza isiyohitaji kufutwa.

"Mwanangu, mimi si kipofu. Nilinyamaza nikidhani utaona mwenyewe. Yule mtu hatakanyaga nyumba hii. Mama yako akimwona atakufa kwa presha, na mimi nitakuwa nimezika mara mbili kwa ajili yake."

"Hakumsukuma kaka, Baba."

"Alimkimbiza!"

"Kaka alikuwa na miaka thelathini. Nani alimkimbiza mtu wa miaka thelathini?"

Kwa kawaida hapo ndipo angepiga meza, na nilisubiri apige meza. Badala yake alitazama pembeni, kwenye ile stendi tupu. Nilidhani ni huzuni. Nikajisikia vibaya, nikaanza kupanga vifaa mahali pake ili niwe na cha kufanya, na hapo ndipo niliponyanyua spana ya kipimo.

Ilikuwa imesimama kwenye arobaini.

Arobaini ni kipimo cha mikono ya pedali. Jana yake jioni nilikuwa nimekaza mikono ya pedali ya mwalimu mmoja wa jirani. Usukani hukazwa kwa tano. Nikaitazama ile namba nikitumaini itabadilika.

"Nini?" Baba akasema.

"Sikukaza."

"Hukukaza nini?"

"Usukani. Bolti zote nne. Nimezifunga kwa mkono tu." Nilisikia sauti yangu ikizungumza kwa utulivu, kama ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Zimeshika. Akipanda hatajua. Anashuka Ngazi leo, Baba. Akikamata breki na mwili wote ukilalia mikono, usukani utazunguka."

Baba aliweka kikombe juu ya meza. Aliichukua spana mkononi mwangu, akaisoma namba, akakaa kwenye ndoo ya maji tunayotafutia matundu ya tairi, imefunikwa, tunaitumia kama kigoda.

"Uliweka alama?"

"Nne."

"Alikusemesha."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimekwisha kuishika simu. Nikampigia Mluzi. Mwanamke yule wa mtandao akaniambia kwa adabu zake zote kwamba mteja hapatikani, maana ukishavuka geti hakuna mtandao mpaka kileleni. Nilipokuwa nazunguka nikitafuta funguo, kofia, chochote, Baba akasema nyuma yangu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Na mimi nilisemeshwa."

Nikasimama.

"Mama yako aliniita kutoka jikoni. Aliuliza kama chai aweke sukari au asiweke. Kitu kidogo tu. Nikamjibu, tukacheka, nikageuka, nikachukua kalamu. Kaka yako alikuwa amesimama hapo hapo ulipo, ana haraka, rafiki yake anamsubiri nje." Alikuwa anazungumza na ile spana. "Walipoileta maiti nyumbani, waliileta na baiskeli. Usukani ulikuwa umezunguka mpaka chini. Nukta nne juu yake, nyeupe, safi. Nikafunga mlango, nikaurudisha usukani, nikazikaza bolti, kabla hajafika mtu wa kukagua."

Nilitaka kukaa lakini hapakuwa na pa kukaa.

"Ulimnyooshea kidole," nikasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Ningemnyooshea nani? Mama yako?" Akainua uso. Baba yangu, mtu wa kelele na masharti, alikuwa analia bila kutoa sauti. "Akijua, ataona ni sauti yake iliyomuua mtoto. Hatasikia kitu kingine mpaka anaingia kaburini. Unamjua."

Ninamjua. Alikuwa ng'ambo ya ule mlango akiosha vyombo, na nilisikia vijiko vikigongana.

"Nenda," Baba akasema. "Goti hili halipandi. Nenda na baiskeli yako, pita njia ya mkato. Ukimpata mzima, mwambie aje. Nitampokea. Nitamwita mwanangu mbele ya watu wote niliomtukana mbele yao. Nitampa mkono wako kwa mkono wangu. Ila hili, mama, hili libaki kwenye karakana hii."

Alikuwa hajaniita "mama" tangu nikiwa mtoto wa kubebwa.

"Sawa," nikasema. Ningesema sawa kwa chochote. Angeniambia nikate mkono ningesema sawa, nikate upi? Nikaipanga ile spana kwenye tano, nikaitia mfukoni, nikatoka mbio.

Mlinzi wa geti ni mtu wa utani. Aliponiona nakuja bila kofia, jasho linanitiririka, akafungua daftari lake la kuandikisha majina kwa madaha yote.

"Fundi! Leo na wewe? Nilidhani wewe unapanda baiskeli zilizofungwa kwenye stendi tu."

"Mluzi kapita saa ngapi?"

"Ah. Kumbe." Akacheka. "Dada, mapenzi yatakuua kwa kupanda mlima."

"Saa ngapi, kaka? Baiskeli yake ni mbovu."

Kicheko kikamkauka. Akashusha kidole kwenye daftari. "Dakika kumi na tano zilizopita. Amechukua njia ndefu."

"Huna pikipiki?"

"Humu hata pikipiki yangu mwenyewe inabaki nje ya uzio. Kikosi cha uokoaji kiko ng'ambo, saa nzima kufika. Nitawapigia." Aliniangalia usoni. "Juu kuna ukungu, dada. Njia imelowa."

Njia ndefu huzunguka vilima kwa kilomita kumi na nane, inapanda polepole, changarawe nzuri iliyoshindiliwa. Njia ya mkato ni kilomita saba na inapanda kama imekasirika. Sikuwa nimeikanyaga tangu kaka afe. Kilomita mbili za kwanza nilipanda nimekaa, ya tatu nimesimama juu ya pedali, ya nne nilishuka nikasukuma. Mapafu yaliwaka. Tairi la nyuma liliteleza kwenye mawe yaliyolowa, nikaanguka goti, nikaamka, sikutazama kama natoka damu.

Kimya cha kule ndicho kilichonitisha. Mjini hata huzuni ina kelele, kuna redio ya jirani, kuna muuza ndizi. Pale palikuwa na maji yanayodondoka majanini na pumzi yangu mwenyewe. Ukungu ulinifunika mpaka nikawa naona hatua kumi mbele, basi. Nilijaribu kumwomba Mungu lakini kila nilipoanza, maneno ya Baba yakaingia katikati. Nukta nne juu yake, nyeupe, safi. Miaka minne. Miaka minne nilikaa meza moja na yule mzee, nikala naye, nikamtetea kwa majirani.

Kisha nikausikia mluzi.

Ulitoka juu yangu, upande wa kulia, mrefu, mmoja. Alikuwa bado kwenye njia ndefu. Alikuwa bado anapanda! Nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote, ukungu ukalimeza. Nikasukuma baiskeli mbio, viatu vikiteleza. Mluzi wa pili ulikuwa mbali kidogo. Wa tatu ulikuwa juu kabisa, na nilijua kona ile, ni ya mwisho kabla ya kilele.

Nikasubiri wa nne. Baada ya kilele, mwanzoni mwa Ngazi, kuna kona moja, na hakuna anayeipita bila kuonya.

Haukuja.

Sijui nilimalizaje ile kilomita ya mwisho. Niliiacha baiskeli yangu njiani nikakimbia kwa miguu. Nilipotokea kileleni, ukungu ulikuwa unapita kwa vipande, unafunua na kufunika, na kitu cha kwanza nilichokiona ni gurudumu. Baiskeli yake ilikuwa imelala ubavu pale njia inapoanza kuinama. Gurudumu la mbele lilikuwa linazunguka bado, taratibu, kwa upepo au kwa kitu kingine. Hakuwepo mtu.

Nilipiga kelele. Si jina, kelele tu.

"Wewe!" sauti ikasema nyuma ya jiwe. "Wewe, ni nini? Nani kafa?"

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye jiwe, kofia magotini. Mzima. Ametota jasho, matope mpaka kiunoni, mzima. Nilimfikia nikampiga ngumi kifuani, kisha nikamshika shati, nikalia. Alinikumbatia bila kuelewa, kidevu chake juu ya kichwa changu, na nilisikia moyo wake ukienda vizuri kabisa, moyo wa mtu ambaye hajui.

"Nimekutuma ukafe," nikasema ndani ya shati lake.

"Nini?"

Nikamwachia. Nikaenda kwenye baiskeli, nikalishika gurudumu la mbele kati ya magoti yangu, nikakandamiza usukani kwa mikono miwili, kwa uzito wangu wote. Ukazunguka. Haukuhitaji hata ubishi. Pembe zake zilizopinda zikaangalia chini kama kichwa cha mtu aliyekata tamaa.

Mluzi aliutazama. Aliutazama mteremko. Akakaa tena chini palepale.

"Nilikuwa nimeshapanda juu ya pedali," akasema polepole. "Nimeshaanza. Nikaona siwezi kushuka bila kumsalimia kaka yako. Nikaitupa baiskeli nikaja kukaa hapa dakika moja."

Nikatoa spana. Nikaurudisha usukani mahali pake, nikakaza ya kwanza, tak. Ya pili, tak. Hakunisemesha. Ya tatu. Ya nne.

"Ulikumbukaje?" akauliza nilipoiweka spana chini.

Hilo lilikuwa swali jepesi, na lilikuwa na jibu la kweli.

"Kipimo kilikuwa kwenye namba nyingine. Nilipoirudisha spana nikaona."

"Mungu wangu." Akanishika mkono, akaukandamiza kwenye paji lake la uso. "Unajua watu wangesema nini? Wangesema nimemfuata mwenzangu. Baba yako angesema haki imetendeka."

Nikaiokota spana, nikairudisha mfukoni.

"Nataka nikwambie jambo," akaendelea, "maana sijawahi kumwambia mtu, na unataka kuolewa na mimi, basi ulijue. Siku ile nilikuwa mbele yake. Nilipofika pale chini nikapiga mluzi. Watu wanadhani nilikuwa namwonya. Sikuwa namwonya. Nilikuwa namcheka, kwamba amechelewa, amezeeka. Ndiyo maana akaongeza mwendo." Akapangusa matope kwenye kofia. "Kila nikipiga mluzi kwenye kona, nausikia ule. Nadhani kama nitapiga mingi ya kuonya, siku moja itafika mingi ya kutosha. Naamka nausikia. Naoga nausikia. Baba yako hakunionea. Alisema kweli."

"Mluzi..."

"Ngoja nimalize. Mimi sihitaji anipende. Nataka tu siku moja aniambie amenisamehe. Neno moja. Nitalala, wallahi, nitalala kama mtoto."

Nilimtazama. Mtu huyu alikuwa amejibebesha kosa ambalo si lake mpaka mabega yalikuwa yamezoea, na mimi nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake na sentensi moja mdomoni. Ningesema, usukani ulizunguka. Ningesema, hukumuua. Maneno mawili matatu, na miaka minne ingemwanguka pale pale kwenye changarawe. Na baada ya hapo? Angeshuka mlima huu aende wapi na ukweli ule? Angeupeleka kwenye mlango wa mbele, na ng'ambo ya mlango yuko mama yangu na vijiko vyake.

Nilimpenda. Nataka ujue hivyo, maana nilichofanya baada ya hapo kitakufanya uulize kama nilimpenda.

"Mluzi, kuna kitu," nikasema. "Siku ile, baiskeli ya kaka..."

Simu yangu ikalia mfukoni. Kileleni mtandao hurudi ghafla, na jina lililokuja kwenye kioo lilikuwa la Baba. Mikono yangu ilikuwa na matope na damu ya goti, kwa hiyo nilibonyeza spika.

"Mama?" Sauti yake ilikatika. "Mama, umempata?"

"Nimempata."

"Mzima?"

"Mzima, Baba."

Nyuma yake nilimsikia Mama akiuliza, nani huyo, kuna nini, na Baba akimwambia, subiri, subiri mke wangu, utasikia mwenyewe.

"Yuko hapo? Ananisikia?"

Mluzi alinitazama kwa macho ya mtu anayesubiri kipigo. Akasafisha koo.

"Nakusikia, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Baba alivuta pumzi, na hata kwa simu nilisikia jinsi ilivyomwia nzito. "Mwanangu, nisikilize. Nimekaa na mambo haya miaka minne. Mama yake huyu yuko hapa pembeni yangu, ni shahidi. Yaliyopita yamepita. Nimekusamehe."

Nilijua angesema hivyo. Nilikuwa nimeahidiwa hivyo. Lakini sikuwa nimefikiria neno lenyewe lingekuwaje likitoka kinywani mwake, mwenye kosa akimsamehe asiye na kosa, kwa sauti nzuri ya mzazi, na mama yangu akilia kwa furaha nyuma yake.

Mluzi aliziba uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalianza kutikisika. Aliinama mpaka paji lake likagusa changarawe, mtu mzima yule, mpima viwanja, akilia kama anatapika kitu kilichomkaa tumboni miaka yote, na katikati ya kulia alikuwa anasema, "Asante, Baba. Asante, Baba. Asante." Alimwita Baba. Hakuna aliyemwambia amwite hivyo.

"Njooni nyumbani," sauti ya Baba ikasema. "Nyote wawili. Tunawasubiri."

Mluzi alijiinua. Uso wake ulikuwa umelowa, umefunguka, miaka kumi mdogo. Sikuwahi kumwona mzuri kama alivyokuwa dakika ile, na nikaelewa kwamba kuanzia hapo kila nitakapomtazama akiwa na furaha, nitakuwa najua imetoka wapi. Alinisogezea ile simu kwa mikono miwili, kwa heshima, kana kwamba Baba mwenyewe yumo ndani yake.

"Sema naye," akaniambia. "Usikae kimya, mpenzi. Mshukuru baba yako."

Nikaichukua simu. Nikamshukuru.